Baudouin, mfalme aliyekaa pembeni siku moja na nusu ili asisaini sheria ya kutoa mimba

Aprili 1990 Wabelgiji walilala wakiwa na mfalme, wakaamka hawana. Hakufa, hakupinduliwa wala hakukimbia nchi. Kisa kilikuwa sahihi moja tu.

Mfalme huyo ni Baudouin.

Utoto wa majonzi

Alizaliwa Septemba 7, 1930. Mama yake, Malkia Astrid, alifariki kwa ajali ya gari nchini Uswisi mwaka 1935, mtoto akiwa hajatimiza hata miaka mitano.

Baba yake, Leopold III, alitekwa na Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Pili. Vita vilipoisha, Wabelgiji waligawanyika vibaya kuhusu kama arudi kwenye kiti. Mwisho wa siku aliachia ngazi, na Julai 17, 1951 Baudouin akala kiapo akiwa na miaka 20.

Wakongo wanamkumbuka kwa jambo jingine. Juni 30, 1960, siku ya uhuru wa nchi yao, alimsifia Leopold II, yule yule ambaye utawala wake uliua watu kwa kazi za shuruti za mpira. Patrice Lumumba alimjibu hapo hapo mbele ya wageni.

Desemba mwaka huo alimuoa Fabiola wa Hispania. Wote walikuwa Wakatoliki wa dhati. Walitamani sana watoto lakini hawakujaliwa. Baadaye Fabiola alieleza hadharani kwamba alipoteza mimba tano.

Bunge lapitisha, mfalme agoma

Tangu 1867 kutoa mimba lilikuwa kosa la jinai Ubelgiji. Maseneta wawili, Roger Lallemand na Lucienne Herman-Michielsens, walileta muswada wa kuruhusu hadi wiki 12, kwa mwanamke aliye kwenye dhiki, baada ya kumuona daktari na kusubiri siku sita.

Seneti iliupitisha Novemba 1989. Baraza la Wawakilishi likafuata Machi 29, 1990. Ikabaki sahihi ya mfalme.

Baudouin alimwandikia Waziri Mkuu Wilfried Martens kwamba dhamiri yake haimruhusu. Alihoji iweje kila raia awe na uhuru wa dhamiri, isipokuwa yeye. Lakini katika barua hiyo hiyo aliomba itafutwe njia ya kisheria ili Bunge lisikwame kwa sababu yake.

Mlango wa pembeni

Njia ikapatikana kwenye Katiba. Kuna kipengele kinachoruhusu mawaziri kushika madaraka ya mfalme pale anaposhindwa kutawala. Ndicho kilichotumika baba yake alipokuwa mikononi mwa Wajerumani.

Safari hii mfalme alikuwa mzima, yupo nchini. Mawaziri wakatangaza hawezi kutawala, wakaisaini sheria wao wenyewe, kisha Aprili 5 Bunge likamrudisha kwa kura 245. Hakuna aliyepinga, ila 93 hawakuegemea upande wowote.

Haki yake au kazi yake?

Waliomuunga mkono walisema cheo hakimwondolei mtu imani yake. Waliompinga walisema imani ni yake, ila sahihi ni ya Serikali. Wananchi walichagua wabunge, si mfalme, na Kanisa halina kura bungeni.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba hata Martens alitoka chama cha Kikristo kilichoupinga muswada huo. Yeye na mawaziri wenzake wa chama hicho walisaini. Waliona wanatekeleza uamuzi wa Bunge, hata kama wao wenyewe waliamini vingine.

Mwaka 2008 yakatokea yanayofanana nchi jirani. Mtawala wa Luxembourg, Henri, alikataa kuidhinisha sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa. Huko hawakutafuta mlango wa pembeni, walibadili Katiba ili idhini yake isihitajike tena.

Baudouin alifariki kwa moyo Julai 31, 1993 huko Motril, Hispania, akiwa na miaka 62. Mdogo wake, Albert II, akashika kiti.

Septemba 2024 Papa Francis alisali kwenye kaburi lake na kutaka mchakato wa kumtangaza mwenye heri usonge mbele. Mjadala ukaibuka upya. Kwa Kanisa, ile siku moja na nusu ni ushujaa. Kwa Wabelgiji wengi, ni siku ambazo sheria iliyopitishwa na wabunge wao nusura ikwame kwa imani ya mtu mmoja.