Adrian Atiman: Mtumwa Aliyekombolewa Akawa Tabibu wa Karema

Historia ya Kanisa katika Jimbo la Mpanda haiwezi kusimuliwa kikamilifu bila kumtaja Adrian Atiman, katekista na tabibu aliyewahudumia watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa miaka 67.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, karibu na Mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara kama bidhaa. Mwaka 1876 Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walimkomboa nchini Algeria. Baadaye alibatizwa, na Kardinali Lavigerie, aliyeamini kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaoiinjilisha Afrika, akampeleka Malta kusomea utabibu.

Alihitimu mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema. Ngome ya hapo ilianzishwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha ikakabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Nchi ilikuwa imejeruhiwa. Misafara ilikuwa imechukua watumwa na pembe za ndovu kupitia Ujiji na Tabora kuelekea pwani. Pembe hizo zilivuka bahari, nyingine zikatengenezewa piano za Ulaya na Marekani, huku nyuma vikibaki vijiji vilivyochomwa na watoto yatima. Njia hizo hizo zilieneza ndui. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale ikawashambulia watu wa mwambao wa ziwa.

Uhuru wa Atiman haukumrudisha kwao. Alitumwa mbali zaidi, kwa watu ambao hakuijua lugha yao. Huko huko alipafanya nyumbani: alimwoa Agnes, akafundisha dini, akatibu wagonjwa, na mwanawe Joseph akapata daraja takatifu ya upadre. Wajerumani walitawala, Wabelgiji wakaingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakaja Waingereza. Bendera zilibadilika, lakini mgonjwa wa Karema aliendelea kumkuta tabibu yule yule. Alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90.

Kwa waamini wa Mamba na wa parokia zote za jimbo, maisha haya ni fundisho. Biashara ilimtia bei mtoto Atiman. Yeye alipokua, alimhudumia kila mgonjwa kama mtu asiyeweza kutiwa bei. Hata leo wapo watoto wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya shule au kazi njema, kisha wakatumikishwa. Anayemheshimu Atiman hawezi kunyamaza akiona hayo, wala kumpokea mtoto wa namna hiyo nyumbani mwake na kumfanya mtumwa.

Bwana ampe pumziko la milele, na atujalie sisi moyo wa kuwahudumia wanyonge.