Gottlieb Haberlandt na Shada Lililomo Ndani ya Jani

Gottlieb Haberlandt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1854 katika mji wa Ungarisch-Altenburg, Hungaria, ambao leo huitwa Mosonmagyaróvár. Baba yake, Friedrich, alikuwa mwanazuoni wa kilimo aliyejitahidi kuieneza soya barani Ulaya. Gottlieb alipata shahada ya uzamivu mjini Vienna mwaka 1876, kisha akaenda Tübingen kwa Simon Schwendener, mwalimu aliyemzoeza kuuliza kila tishu ya mmea inafanya kazi gani.

Swali hilo ndilo lililozaa Physiologische Pflanzenanatomie, kitabu alichokichapisha mwaka 1884 wakati akifundisha Graz, Austria. Humo aliyapanga maumbile ya ndani ya mimea kwa kazi yake, si kwa sura tu. Alipoyachunguza majani ya baadhi ya nyasi kwa hadubini, aliona kila mshipa umezungukwa na duara la seli kubwa zenye umbijani mwingi, na duara hilo nalo limezungukwa na seli nyingine za kijani. Sura hiyo aliiita Kranz, neno la kila siku la Kijerumani lenye maana ya shada la maua. Hakukimbilia Kilatini wala Kigiriki. Wanaounda istilahi za Kiswahili wana la kuzingatia hapo, kwani neno hilo la mtaani limedumu katika sayansi ya dunia nzima kwa zaidi ya karne moja.

Kazi ya shada lenyewe hakuijua. Alidhani kwamba huenda seli za ndani na za nje zimegawana majukumu, akaliacha suala wazi badala ya kubuni jibu.

Suala lenyewe ni la njia ya hewaukaa. Hewa hiyo huingia katika jani kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, ikapenya baina ya seli hadi kwenye kloroplasti, ambako usanidinuru hufanyika. Vitundu vikiwa wazi sana, maji hupotea. Vikibanwa, hewaukaa hupungua ndani, na kimeng'enya kinachoinasa huanza kunasa oksijeni badala yake, hasara inayoongezeka wakati wa joto. Ndiyo hali ya maharagwe na mpunga. Mwaka 1965 watafiti wa miwa huko Hawaii walichapisha matokeo yaliyoonyesha njia tofauti, na mwaka 1966 Hal Hatch na Roger Slack wa Brisbane, Australia, wakaanza kuifafanua. Seli za nje huinasa hewaukaa kwa kimeng'enya kisichodanganywa na oksijeni na kuitia katika asidi yenye kaboni nne. Asidi husafiri hadi kwenye seli za shada, na humo huiachilia hewaukaa kwa wingi hata oksijeni ikazidiwa.

Bonde la Lambwe limejaa mashada hayo. Nyasi za Hifadhi ya Taifa ya Ruma, zikiwemo za jamii za Themeda na Hyparrhenia, malisho ya korongo wa mwisho wa Kenya, ni za kundi hilo. Vivyo hivyo mahindi, mtama na wimbi, pamoja na miwa ya Awendo huko Migori. Migunga iliyosimama katikati ya nyasi hizo haina shada. Mvua inapochelewa, mtama huweza kubana stomata zake na bado ukaendelea kujilisha, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kustahimili kwake pale maharagwe yanaponyauka.

Haberlandt aliionja tropiki mwenyewe alipozuru Java mwaka 1891 na 1892, akaiandikia safari hiyo kitabu. Mwaka 1902 alieleza jaribio la kulea seli mojamoja za majani nje ya mmea. Ziliishi kwa majuma kadhaa, zikakua, lakini hazikugawanyika hata moja. Jaribio lilishindwa, ila wazo lilikuwa sahihi, na migomba ya maabara inayopandwa Kenya ni uzao wake. Mwaka 1910 aliitwa Berlin kurithi kiti cha Schwendener. Mwanawe Ludwig, mmoja wa waanzilishi wa utafiti wa homoni za kuzuia mimba, alimtangulia kaburini mwaka 1932.

Haberlandt alifariki Berlin tarehe 30 Januari 1945, akiwa na umri wa miaka 90, miezi michache kabla ya vita kwisha Ulaya na miaka ishirini kabla ya matokeo ya Hawaii kuchapishwa.