Jean-Léon Gérôme na Picha ya Kweli Akitoka Kisimani

Jean-Léon Gérôme, mchoraji na mchongaji, alizaliwa tarehe 11 Mei, 1824 katika mji wa Vesoul, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa sonara. Alipotimiza umri wa miaka 16 alikwenda Paris kusomea uchoraji kwa Paul Delaroche, fundi aliyesifika kwa picha za matukio ya historia, na baadaye akafuatana naye hadi Italia. Mwaka 1847 picha yake ya vijana wa Kiyunani wakipiganisha majogoo ilionyeshwa katika Salon, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, ikampatia medali na kumjulisha kwa umma.

Tangu hapo cheo chake kilizidi kupanda. Mwaka 1856 alizuru Misri, na nchi za Mashariki zikawa chemchemi ya picha zake nyingi. Mwaka 1863 alimwoa Marie, binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara wa sanaa ambaye kampuni yake ilisambaza nakala za picha za Gérôme, zikiwemo zile zilizotolewa kwa fotografia. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Sanaa cha Paris, akafundisha huko kwa takriban miaka 40. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Mmarekani Thomas Eakins. Aliwafunza kuchora umbo kwa usahihi, kuchunguza mavazi, silaha na majengo kabla ya kuyachora, na kuulaini uso wa picha hata alama ya brashi isionekane.

Kanuni hizo ndizo zilizomfarakanisha na wachoraji wa mkondo wa Uimpreshoni. Gustave Caillebotte alipofariki mwaka 1894 na kuliachia taifa hazina ya picha za akina Monet na Pissarro, Gérôme alikuwa miongoni mwa waliopinga vikali wasia huo. Kwake yeye, serikali kuzipokea kazi hizo ilikuwa dalili ya kuporomoka kwa maadili. Hata hivyo, sehemu ya picha hizo ilikubaliwa.

Ni katika miaka hiyohiyo ya mabishano ambapo Gérôme, aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, alianza kuichora Kweli. Katika picha aliyoionyesha mwaka 1895, Kweli amelala maiti ndani ya kisima, ameuawa na waongo na waigizaji. Katika ile ya mwaka 1896, iliyochorwa kwa rangi za mafuta, Kweli yu hai: mwanamke aliye uchi anapanda kutoka kisimani, kinywa wazi kama apigaye ukelele, mkononi ameshika mjeledi wa kuwaadhibu wanadamu. Msingi wa taswira hii ni usemi unaonasibishwa na Democritus, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, kwamba kweli imo kilindini. Sura ya mwanamke nayo yatokana na lugha, kwa kuwa neno kweli katika Kilatini na Kifaransa ni la jinsi ya kike. Kiswahili hakina jinsi hiyo. Humo tashihisi hujitambulisha kwa upatanisho wa ngeli ya watu.

Baadhi ya wahakiki wameifasiri picha hii kuwa ni kilio juu ya kesi ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyehukumiwa bila hatia mwezi Desemba, 1894. Fasiri hiyo inavutia, lakini tarehe haziiungi mkono. Mgogoro wa Dreyfus uliligawa taifa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1897, na barua mashuhuri ya Émile Zola ilichapishwa Januari, 1898, ilhali picha ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Ushahidi wa karibu zaidi umo katika maandishi ya Gérôme mwenyewe. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1902 kwa kitabu cha Émile Bayard, alieleza kuwa fotografia iliwalazimisha wasanii kuyaacha mazoea ya kale na kuyafumbua macho yao, na kwamba kwa msaada wake Kweli alikuwa hatimaye ametoka kisimani.

Kwa hiyo, yaelekea mjeledi ule uliwalenga kwanza wasanii walioupuuza usahihi wa jicho. Hapa ndipo penye utata wa maisha ya Gérôme, kwani hata wale aliowapinga walidai kuchora kile ambacho jicho huona kwa hakika. Kwake, kweli ilikaa katika umbo na mstari. Kwao, ilikaa katika mwanga unaobadilika kila saa.

Gérôme alifariki tarehe 10 Januari, 1904. Alikutwa amekufa katika chumba kilichopakana na karakana yake, mbele ya picha ya sura ya Rembrandt na chini ya picha yake mwenyewe ya Kweli. Alizikwa katika makaburi ya Montmartre, Paris. Picha ya Kweli akitoka kisimani imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Anne-de-Beaujeu, mjini Moulins.