Tatu wa Kibamba: Che Guevara na bunduki zisizokuwa na mwenyewe

Picha yake kila mtu anaijua: kofia yenye nyota, ndevu, macho yanatazama mbali. Utaiona kwenye tisheti na kwenye vioo vya magari. Lakini vijana wengi wa Uvira wanaoivaa hawajui kama huyo mtu alikaa miezi saba hapa kwenye kando ya ziwa letu, kusini ya Baraka, mwaka 1965. Na moja ya kazi za kwanza alizofanya huku ilikuwa kutibu watu waliojipiga risasi wenyewe, juu hawakujua namna ya kushika bunduki.

Jina lake kamili ni Ernesto Guevara. Alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Rosario, inchi ya Argentina. Tangu mtoto mdogo alisumbuliwa na asma, na ile asma ilimfuata hadi siku ya kufa. Alimaliza masomo ya udaktari Buenos Aires mwaka 1953, akaanza kutembea inchi za Amerika ya Kusini. Mwaka 1954 alikuwa Guatemala, akaona serikali iliyochaguliwa na raia ikiangushwa kwa mkono wa Marekani. Hapo ndipo alikata shauri kwamba maneno peke yake hayatoshi. Mwaka 1955, Meksiko, alikutana na Fidel Castro wa Kuba, akaingia katika kundi lake kama daktari.

Watu 82 walipanda ile mashua yao, Granma, wakafika Kuba mwezi wa 12 mwaka 1956. Siku tatu tu baadaye wanajeshi wa serikali wakawakuta wamelala porini na kuwamiminia risasi. Katika kukimbia, Guevara alikuta masanduku mawili mbele yake: moja la dawa, moja la risasi. Yote mawili hangeweza kubeba. Yeye daktari, akaokota la risasi. Dakika hiyo hiyo naye akapigwa, jeraha la shingo.

Siku zilizofuata kukatokea jambo ambalo watu hawalisimulii sana. Guevara na wenzake wachache, wakichoka na njaa, waliacha bunduki zao kwa mkulima mmoja ili watembee sawa raia wa kawaida. Wanajeshi wakazikamata. Alipomfikia Castro, hakupokelewa na pongezi ya kuwa hai. Castro alimkaripia vikali, akamnyang'anya bastola aliyobaki nayo na kumpa mtu mwingine. Kwa kundi lile, mpiganaji aliyepoteza bunduki alikuwa ameweka maisha ya wenzake hatarini. Usiku ule asma ilimbana. Somo alilishika: baadaye, alipokuwa mkubwa wa kikosi, alisifiwa na kuogopwa kwa ukali wake.

Ukali huo una upande wake mweusi pia. Mwaka 1959, Castro alipochukua serikali, Guevara aliwekwa mkubwa wa ngome ya La Cabaña, Havana, ambamo watu wengi wa serikali ya zamani walihukumiwa haraka na kupigwa risasi, naye ndiye aliyekuwa anathibitisha hukumu. Baadaye akawa mkubwa wa benki ya taifa, kisha waziri wa viwanda.

Na hata yeye, pamoja na ukali wote, bunduki ilimcheza. Mwezi wa nne mwaka 1961, wakati Kuba ilipovamiwa kwenye Ghuba ya Nguruwe, yeye alikuwa mbali na mapigano, upande wa Pinar del Río. Bastola yake mwenyewe ikafyatuka kwa bahati mbaya, risasi ikamkwaruza shavu. Sentimita chache tu, na leo hakuna tisheti.

Sasa tuje huku kwetu. Mwaka 1964 moto uliwaka Uvira na bonde la Ruzizi. Vijana Wafuliiru waliomfuata mzee Musa Marandura walipigana na jeshi la serikali, wengi wakiwa na mikuki, mishale na mapanga. Gaston Soumialot akaja na jina la wafuasi wa Lumumba, na katika mwezi wa tano Uvira ikaangukia mikononi mwao. Bunduki zilikuwa chache. Lakini serikali ilipoikomboa Uvira mwaka uleule, waasi walishuka kusini, Fizi na kando ya ziwa, na huko mambo yakageuka. Kupitia Dar es Salaam na Kigoma, silaha za Urusi na China zilianza kuvuka ziwa usiku. Kwa muda mfupi watu waliozoea mikuki wakashika bunduki za kufyatua mfululizo, na hakuna aliyewafundisha.

Guevara aliingia katika hadithi hii mwezi wa pili 1965, alipopita Dar es Salaam na kukutana na wakubwa wa uasi, mmoja wao akiwa kijana Laurent-Désiré Kabila. Aliwaahidi walimu wa vita. Hakuwaambia kwamba mmoja wa walimu atakuwa yeye mwenyewe. Wala serikali ya Tanzania haikujulishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi wa nne alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wenzake wachache, wakatua Kibamba, kijiji cha ufuoni chini ya milima ya Fizi. Wakuba walijiita kwa hesabu ya Kiswahili. Mkubwa wa kuonekana, Víctor Dreke, alikuwa Moja. Guevara akajificha kwenye nafasi ya tatu: Tatu. Watu wakamjua kama daktari na mtafsiri wa Kifaransa.

Hapo Kibamba, katika zahanati ya Wakuba, ndipo alipoanza kuelewa. Waliojeruhiwa vitani walikuwa wachache. Walikuja wenye malaria, wenye magonjwa ya zinaa waliyoyapata Kigoma, walioharibiwa na pombe. Na walikuja wenye majeraha ya risasi ambazo adui hakuzifyatua: mtu anachezea bunduki ya mwenzake, mwingine anasahau kama risasi iko ndani.

Ufuoni nako, masanduku ya silaha na magunia ya chakula yalilala pamoja mchangani bila hesabu. Makamanda wa kila kikosi walikuja kuomba bunduki wakitaja idadi kubwa ya wapiganaji kuliko waliyokuwa nayo, wakapewa. Mpiganaji aliyechoka na vita alirudi kwao na bunduki yake, na hakuna aliyemwuliza. Ukiuliza bunduki hii ni ya nani, jibu lilikuwa la kila mtu, maana yake si ya yeyote.

Kuko mmoja aliyejaribu kupanga mambo. Leonard Mitoudidi, Mkongo, mkubwa wa majeshi wa eneo hilo, alifika Kibamba mwezi wa tano. Alikataza pombe, akaanza kupanga ghala, akasimamisha ile ya kugawa silaha ovyo. Ni yeye pia aliyemwamuru kijana mmoja, Freddy Ilanga, amfundishe Tatu Kiswahili. Tarehe 7 mwezi wa sita Mitoudidi alianguka kutoka kwenye boti ziwani, upepo ukiwa mkali, akazama. Baada yake, utaratibu wa ghala ukarudi kama zamani. Wakubwa wengine walikuwa Kigoma, Dar es Salaam, Cairo. Kabila mwenyewe alifika mwezi wa saba. Watu wakafurahi, kazi ikaamka, mitaro ikachimbwa. Alikaa siku tano, akarudi ng'ambo.

Mafunzo? Kulikuwa dawa. Munganga alimpaka mpiganaji, akampa masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usiogope. Tusiicheke haraka. Ile dawa ilikuwa sheria pekee iliyowafunga wapiganaji wengi, na ilikataza mambo ambayo jeshi lolote lingetakiwa kukataza. Shida yake ni kwamba aliyepigwa risasi alihesabiwa amevunja sharti, basi. Hakuna aliyechunguza kama alisimama mahali pabaya, au kama jirani yake alifyatua macho yamefumba. Na ndivyo walivyofyatua: kidole kimeganda, macho yamefungwa, hadi risasi zote ziishe, nyingi zikienda mawinguni.

Tarehe 29 mwezi wa sita walishambulia kambi ya Bendera, kwenye mtambo wa umeme, upande wa njia ya Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Wakuba wanne walikufa. Wapiganaji wengi walikimbia bila kufyatua hata moja, wengine wakitupa bunduki njiani. Kwenye maiti ya Mkuba mmoja adui alipata daftari lake, na siri ya Wakuba ikafichuka.

Kuanzia hapo Tatu alishikilia wazo moja: kufungua shule ya vita porini. Bunduki apewe aliyefundishwa na aliyeonekana vitani; asiyefaa, anyang'anywe. Aliliandika, akalituma kwa wakubwa. Halikufanyika, isipokuwa kidogo hapa na pale, juu yeye hakuwa na mamlaka juu ya mtu yeyote ila Wakuba wake. Mwenye mamlaka hakuwa porini, na aliyekuwa porini hakuwa na mamlaka.

Matokeo yalionekana hata siku walizoshinda. Katika shambulio moja la kuvizia barabarani, lililofanywa na Wakuba pamoja na wakimbizi Wanyarwanda waliokuwa upande wa uasi, mpiganaji mmoja aliharibiwa vidole na risasi ya mwenzake wa karibu. Kapiteni wao akachomoa kisu, akitaka aliyefyatua akatwe vidole vilevile. Mkuba aliyekuwa pale alimbembeleza muda mrefu mpaka akaacha. Baadaye, pombe iliyopatikana kwenye magari ya adui ikanywewa, na wakirudi wakakutana na mkulima mmoja njiani. Wakasema ni mpelelezi. Wakamuua. Huyo mkulima jina lake halikuandikwa popote, na kusema kweli, katika vita vyote vya huku, watu kama yeye ndio wengi.

Mwisho ulikuja haraka. Jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka kwa boti mwishoni mwa mwezi wa tisa. Katika mwezi wa kumi Fizi ikaanguka. Wakati huo Tshombe aliondolewa serikalini, na inchi za Afrika zikaona vita viishe. Tanzania ikaomba Wakuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 mwezi wa 11 boti zilikuja Kibamba. Nafasi haikutosha. Wapiganaji Wakongo walioachwa mchangani waliomba wachukuliwe, wengine wakalia. Tatu hakuusahau ule usiku. Siku tatu baadaye, Mobutu alichukua serikali Kinshasa.

Dar es Salaam, amefungiwa chumbani katika ubalozi wa Kuba, aliandika kitabu kizima cha habari hizi, na hakujipamba. Aliwalaumu wakubwa waliokaa ng'ambo, lakini alijilaumu pia: kwamba alikuja bila kualikwa, kwamba alikuwa na hasira za ghafula. Na lingine: Kiswahili hakukishika vizuri. Kifaransa kilimtosha kuongea na maofisa, basi akategemea hicho, na yule askari mdogo mwenye bunduki, ambaye ndiye aliyetakiwa kufundishwa, akabaki mbali naye. Kitabu kilikaa miaka mingi kabla ya kuchapishwa.

Kutoka huko alipita Prague, kisha Bolivia, akaanza vita vingine na watu wachache zaidi. Tarehe 8 mwezi wa kumi 1967 alizungukwa bondeni. Risasi ilikuwa imeharibu mtutu wa bunduki yake, na bastola haikuwa na magazini. Siku iliyofuata, kwenye shule ndogo ya kijiji cha La Higuera, sajenti mmoja alipewa amri ya kumuua. Alikuwa na miaka 39. Walimkata mikono ili kuthibitisha alama za vidole, wakamzika kwa siri.

Bunduki za Kibamba hazikuondoka na wageni. Nyingine zilipanda milima ya Fizi na Kabila, ambaye mwaka uleule 1967 alianzisha chama chake cha PRP na kutawala sehemu ya milima hiyo miaka mingi. Mwezi wa tano 1975 watu wake walivuka ziwa usiku kwa boti hadi Gombe, Tanzania, wakateka wanafunzi wanne wa kizungu waliokuwa wakichunguza masokwe, baadaye waliachiliwa. Mwezi wa kumi 1996, vita vikianza upya, jina la Kabila likasikika Lemera, na Uvira ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuchukuliwa. Tarehe 17 mwezi wa tano 1997 askari wake waliingia Kinshasa, wengi wao wakiwa watoto, wale kadogo, wenye bunduki ndefu karibu na urefu wao. Wiki chache baadaye, huko Bolivia, mifupa ya Guevara ilifukuliwa karibu na uwanja wa ndege wa Vallegrande. Kabila aliuawa tarehe 16 mwezi wa kwanza 2001, ofisini kwake, kwa risasi ya mlinzi wake mwenyewe.

Na Freddy Ilanga, kijana aliyemfundisha Tatu Kiswahili? Alipelekwa Kuba mwaka ule ule 1965, akijua anaenda kwa muda mfupi. Alisoma, akawa daktari, akaoa, akazaa huko. Alikufa Kuba mwaka 2005.