Kirilo Japhet, Mmeru aliyeipeleka Engare Nanyuki New York

Vijana wengi wa Elerai na mitaa ya jirani wameuona Mlima Meru tangu utotoni, lakini si wote wanaojua kwamba nyuma ya mlima huo, upande wa kaskazini-mashariki, ndiko ilikotoka kesi ya ardhi iliyofika Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Aliyeipeleka ni Kirilo Japhet, Mmeru ambaye wakati huo alikuwa kijana wa takriban miaka 30. Hakuwa mwanasheria, wala hakuwa mangi. Alitumwa na watu wake.

Ili kumwelewa Kirilo ni lazima kwanza tuelewe ardhi ya Meru. Tangu enzi za Wajerumani, mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima na kuwabana Wameru katikati, huku idadi yao ikiongezeka. Engare Nanyuki ilikuwa sehemu ya kupumulia, yenye maji na malisho. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya, ili mashamba ya Wazungu yawe eneo moja lisilokatizwa na makazi ya Waafrika. Kwa mpango huo Engare Nanyuki ilitakiwa ikabidhiwe walowezi wachache wafuge ng'ombe, na Wameru wahamie Kingori, mahali palipo chini zaidi, penye joto na ukame. Waliahidiwa fidia na huduma. Walikataa.

Novemba 1951 askari wakafika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na hata kanisa la Walutheri lililokuwa pale halikusalimika. Wameru hawakupigana. Walikubaliana wasishike silaha na wasipokee fidia, na wengi wao hawakwenda Kingori bali walihamia kwa ndugu zao mlimani. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio uliowapa nguvu baadaye, kwa sababu serikali haikuweza kudai kwamba watu waliridhika.

Kirilo alikuwa miongoni mwa viongozi wa Umoja wa Raia wa Meru. Yeye na wenzake walimpata wakili mmoja mjini Moshi, Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa kisiwa cha Bermuda. Seaton aliwaeleza jambo ambalo maofisa wa wilaya wasingewaeleza: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, ikitawaliwa na Uingereza chini ya mkataba uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 1946. Katika mkataba huo Uingereza iliahidi kwamba, inapotunga sheria za ardhi, itazingatia mila za wenyeji na kulinda haki na maslahi yao. Tena Mkataba wenyewe wa Umoja wa Mataifa uliwapa wakazi wa nchi za udhamini haki ya kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini.

Basi michango ikakusanywa. Watu waliotoka kupoteza nyumba na ng'ombe walitoa walichonacho ili mwenzao avuke bahari, na mwaka 1952 Kirilo akaenda New York. Akasimama pamoja na Seaton mbele ya wajumbe wa mataifa, akaeleza jinsi watu wake walivyoondolewa. Watanganyika wengi hukumbuka safari ya Mwalimu Nyerere kwenye Baraza la Udhamini mwaka 1955. Kirilo alikuwa ametangulia kwa miaka mitatu.

Baraza la Udhamini lilieleza kusikitishwa kwake, lakini halikuiamuru Uingereza irudishe ardhi. Kirilo hakuridhika. Akaenda mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru. Azimio lilipofika kwenye Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, lilipata kura nyingi kuliko zilizolipinga, ila hazikufika theluthi mbili zilizohitajika. Likaanguka.

Hapa msomaji atauliza: ikiwa Uingereza ilikuwa imeahidi katika mkataba, kwa nini ahadi hiyo haikuwalinda Wameru huku huku nyumbani? Jibu ni kwamba mkataba ulikuwa New York, na sheria ilikuwa Dar es Salaam. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mkataba wa Udhamini ulikataza ardhi ya wenyeji kupewa wasio wenyeji bila kibali cha mamlaka ya umma, na mamlaka yenyewe ilikuwa serikali ile ile iliyotaka kuichukua. Waseminari waliomsoma Mtakatifu Thomas wa Akwino wanakumbuka kwamba sheria hutungwa na mwenye dhamana ya jamii kwa ajili ya manufaa ya wote. Pale Engare Nanyuki mwenye dhamana alikuwepo. Manufaa ya wote ndiyo yaliyokosekana.

Kirilo alirudi bila ardhi, lakini akiwa ameona kwamba anayetaka haki ya watu wake ilindwe ni lazima awe na sauti pale sheria zinapotungwa. Julai 1954 alikuwa mmoja wa watu 17 walioanzisha TANU jijini Dar es Salaam. Mpango wa ufugaji wa walowezi haukufanikiwa, na Wameru wakarudi Engare Nanyuki, ambako leo wanalima nyanya. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo ya ardhi ya Meru.

Swali alilokutana nalo Kirilo halikuisha na uhuru. Nchini mwetu mkataba wa kimataifa hauwi sheria kwa kutiwa saini tu. Bunge huuridhia, kisha inahitajika sheria ya nchi ya kuutekeleza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, lakini Sheria ya Mtoto ilitungwa mwaka 2009. Kwa miaka 18 mtoto wa Kitanzania alikuwa na ahadi ya dunia bila sheria moja ya nyumbani iliyoikusanya.

Na liko jambo jingine lililo karibu nasi zaidi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa hapa Arusha. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi zisizo za kiserikali kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Novemba 2019 tamko hilo liliondolewa, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Kirilo alisafiri hadi Marekani na akasikilizwa kama mlalamikaji. Mkazi wa Elerai anaweza kufika mahakama hiyo kwa daladala, lakini tangu Novemba 2020 hawezi kufungua shauri jipya pale kwa jina lake mwenyewe dhidi ya serikali yake.