Mshairi Aliyekata Mipaka: Maisha ya Rennell Rodd

Mji huu wa Nakuru tunaokaa, pamoja na Naivasha na Molo, ulikuwa katika milki ya Uganda mpaka mwaka wa 1902, ndipo ukatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Asili ya jambo hilo ni safari ya Sir Gerald Portal, balozi wa Kiingereza wa Unguja, aliyepita Bondeni humu mwanzoni mwa mwaka wa 1893 pamoja na wapagazi na askari wa Unguja, akielekea Buganda kutazama kama Waingereza waishike nchi ile au waiache. Khabari za Portal zajulikana. Sisi twataka kumtaja aliyeachiwa kiti chake Unguja, kwani mtu huyo alikuwa mshairi.

James Rennell Rodd alizaliwa London mwaka wa 1858. Alisoma Oxford, na mwaka wa 1880 akapata tuzo ya Newdigate kwa shairi lake juu ya Sir Walter Raleigh. Rafiki yake alikuwa Oscar Wilde, aliyemchapishia diwani yake Marekani mwaka wa 1882 na kuitilia dibaji. Diwani ikatoka na maneno ya kuitabaruku kwa jina la Wilde mwenyewe. Rodd akachukizwa, na urafiki ukaisha. Mwaka wa 1883 akaingia kazi ya ubalozi. Alipokuwa Athens alichungua mila na nyimbo za Wayunani wa vijijini, akazitungia kitabu. Twayataja haya kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba mabwana waliokuja kututawala walikuwa wakavu wa moyo wote. Huyu hakuwa mkavu.

Basi Portal alikuwa bado safarini bara, Sayyid Ali bin Said akafariki mwezi wa Machi 1893. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme akafunga milango. Rodd akamtoa kwa kitisho cha nguvu, akamweka Sayyid Hamad bin Thuwaini. Hivyo kijana wa miaka 34, mgeni wa miezi michache tu, ndiye aliyeamua nani akalie kiti cha Sayyid Said.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule akaenda Witu na manowari, kwani Kampuni ya Kiingereza ilikuwa imejitoa huko. Fumo Omari hakukubali kutii. Ngome za Pumwani na Jongeni, zilizokuwa ndani ya msitu, zikashambuliwa na kuchomwa moto, na Witu ikaendeshwa kwa jina la Sultani wa Unguja, amri ikiwa ya Waingereza. Wafalme wa Witu ni Wanabahani waliotoka Pate, nchi ya tenzi tangu zamani. Mtunzi alikwenda kwa watunzi, akaenda na mizinga. Askari wa vita vile walipewa nishani iliyoandikwa jina la Witu.

Portal alirudi kwao akafariki Januari 1894, na Rodd ndiye aliyekitengeneza kitabu cha safari yake na kuandika humo maisha yake.

Lakini alama yake kubwa kuliko zote iko kwa Wasomali. Mwaka wa 1897 alitumwa kwa Mfalme Menelik, na tarehe 14 Mei wakatia sahihi mkataba katika Addis Ababa. Katika miaka ya 1884 mpaka 1886 Waingereza walikuwa wamewaahidi makabila ya Wasomali himaya yao. Kwa mkataba huu sehemu kubwa ya Haud, malisho ya ngamia wao, ikaangukia upande wa Habeshi. Wenyewe, Waislamu watupu, hawakushirikishwa. Waliachiwa ruhusa ya kuvuka mpaka kwa ajili ya malisho tu.

Baadaye Rodd akawa balozi wa Italia tangu 1908 hata 1919, akaandika kumbukumbu zake kwa majuzuu matatu, na mwaka wa 1933 akapewa cheo cha Baron Rennell. Alifariki Julai 1941, majeshi ya Kiingereza yakiwa yamekwisha kuitwaa Haud kutoka kwa Wataliani.

Mwaka wa 1954 Waingereza wakakubali kuirudisha Haud kwa Habeshi, hoja yao ikiwa mkataba ule wa 1897. Wasomali wakapeleka wajumbe London mwaka wa 1955. Hawakurudishiwa kitu.