SIMBA ALIMWACHIA ALAMA
Maisha ya Daktari Livingstone, aliyeshuka Mikindani mwaka 1866

Kama wewe ni mtu wa hapa Mtwara unajua kwamba Mikindani si mbali. Unapanda gari, kabla hujamaliza kuongea na jirani yako umefika. Pale penye majumba ya kale ya mawe wenyeji huwaonyesha wageni nyumba moja na kusema kwamba Daktari David Livingstone alikaa pale. Wengi tunapita tu. Mimi nami nilipita hivyo hivyo miaka mingi, nina haraka ya kutafuta maji ya kunywa, maana jua la Mikindani mwezi wa pili saa saba mchana si mchezo.

Lakini siku moja nilisimama nikajiuliza: hivi huyu mzee alipitaje hapa na ngamia?

Naam, ngamia. Usicheke. Nitakueleza. Ila kwanza ujue kwamba mtu huyu aliposhuka Mikindani alikuwa tayari na mkono mbovu. Mkono wake wa kushoto haukuweza kuinuka kupita bega. Na aliyeuharibu alikuwa simba.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Akiwa na miaka kumi tu alitiwa kazini kwenye kiwanda cha pamba, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Alisoma kwa shida, akawa daktari, akatumwa na wamisionari, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika. Huko alikaa mahali paitwapo Mabotsa, karibu na mpaka wa Botswana ya leo, kati ya watu wa kabila la Bakhatla.

Basi watu wa Mabotsa walikuwa wamesumbuliwa na simba mpaka wakaamini wamelogwa. Usiku simba wanaingia mazizini. Baadaye wakaanza kuja mchana kweupe na kula ng'ombe watu wakiwatazama. Sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa habari hizi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kujeruhi wengine zaidi ya 300, na wilaya za Lindi na Mtwara ziliumia sana. Wengi walikamatwa wakati wa mavuno, wamelala shambani kwenye vibanda vya majani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Mtu anamlinda nguruwe, kumbe simba anamfuata huyo huyo nguruwe, halafu anamkuta mtu. Kwa hiyo ukisikia habari ya Mabotsa usidhani ni hadithi ya watoto.

Livingstone alijua kwamba akiuawa simba mmoja, wenzake huondoka. Tarehe 16 Februari 1844, wakati wa jua kali la huko kusini, alitoka na wanakijiji. Pamoja naye alikuwepo Mebalwe, mwalimu Mwafrika. Shika jina hilo, ndugu yangu, maana vitabu vingi hulipita mbio.

Waliwazungushia simba kwenye kilima chenye miti. Mebalwe alipiga, risasi ikagonga jiwe. Simba akauma pale jiwe lilipogongwa, akaruka katikati ya watu akapita, na watu kwa hofu hawakumchoma. Wakaanza kurudi nyumbani. Njiani Livingstone akamwona simba mmoja amekaa nyuma ya kichaka, karibu hatua thelathini. Akafyatua mitutu yote miwili. Watu wakashangilia kwamba amekufa, lakini yeye aliona mkia umesimama kwa hasira, akawazuia wasimsogelee. Akaanza kushindilia risasi nyingine, maana bunduki za zamani zilijazwa kwa mdomo. Alikuwa katika kushindilia ndipo aliposikia kelele. Kugeuka, simba yuko hewani.

Alimdaka penye bega, wote wawili wakaanguka chini. Simba akamtikisa kama mbwa anavyotikisa panya. Baadaye Livingstone alieleza jambo la ajabu: wakati ule hakusikia maumivu wala woga. Alikuwa kama mtu aliye katika ndoto, anaona yote yanayotendeka lakini mwili umekufa ganzi. Yeye aliamini ni rehema ya Muumba kwa kila kiumbe kinachoshikwa na mnyama mkali, kisiteseke sana. Mimi sijawahi kuwa mdomoni mwa simba, siwezi kubisha.

Kucha za simba zilikuwa kisogoni mwake. Alipogeuza kichwa kukwepa ule uzito, akaona macho ya simba yanamtazama mtu mwingine. Ni Mebalwe. Alikuwa hatua kumi au kumi na tano hivi, ameinua bunduki. Akavuta, haikulipuka. Akavuta tena, haikulipuka. Hapo mtu mwenye akili anakimbia. Mebalwe hakukimbia. Simba akamwacha Livingstone akamvamia Mebalwe, akamuuma paja. Mtu wa tatu, ambaye zamani Livingstone alimwokoa baada ya kurushwa juu na nyati, akaja na mkuki. Simba akamgeukia na huyo akamshika bega. Ndipo zile risasi za mwanzo zikafanya kazi yake, simba akaanguka akafa palepale.

Kesho yake watu waliwasha moto mkubwa juu ya mzoga ili kuondoa uchawi, wakisema hawajapata kuona simba mkubwa kama yule.

Mfupa wa mkono wa juu ulivunjika vipande vipande, na meno yaliacha matundu kumi na moja. Hapakuwa na hospitali ya kumpeleka, daktari alikuwa ni yeye mwenyewe. Mfupa uliunga vibaya, ukabaki unacheza kama kiungo cha bandia. Alipokuwa anapona alimchumbia Mary Moffat, binti wa misionari, wakaoana mwezi wa kwanza mwaka 1845.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo wengine hawapendi kulisema. Mwaka 1851 Livingstone alimchukua mkewe na watoto wadogo watatu kuvuka jangwa la Kalahari, wakati mwaka mmoja tu kabla walikuwa wamezika mtoto mchanga. Mama mkwe wake alimwandikia barua ya ukali. Hakusikia. Kiongozi wao, jina lake Shobo, alipotea njia, kisha akatoweka kabisa. Jua linachoma, mchanga unachoma, ndege hakuna, hata mdudu haonekani. Maji yaliyobaki kwenye gari la ng'ombe yalikuwa kidogo, na kadiri yalivyopungua ndivyo watoto walivyozidi kulia kiu. Mama yao hakutamka neno moja la kumlaumu mumewe, ila machozi yalimlenga. Wazazi waliona watoto wao watakufa mbele ya macho yao. Siku ya tano mchana ndipo watu waliokwenda kutafuta walirudi na maji. Hakuokoa familia yake kwa akili zake. Waliookoa ni wale watumishi waliorudi, wakati wangeweza kunywa na kukaa huko.

Na kwenye mto Zambezi ilikuwa vivyo hivyo. Kiboko jike, ambaye mtoto wake alichomwa mkuki jana yake, aliinua mtumbwi kwa kichwa mpaka nusu yake ikatoka majini. Mtu mmoja akatupwa mtoni, wengine wakaruka kwenda ukingoni. Wote walipona. Wavuvi wa Ruvuma wanaosoma karatasi hii wanajua kwamba kiboko mwenye mtoto hana msamaha.

Nisikuchoshe na safari zake nyingine. Alivuka bara kutoka magharibi mpaka mashariki, akaifikia bahari mwaka 1856. Mkewe alikufa kwa homa huko Shupanga kwenye Zambezi mwaka 1862. Turudi kwetu.

Mwezi wa tatu mwaka 1866 alitoka Unguja kwa manowari iitwayo Penguin, na wanyama wake wamepakiwa kwenye jahazi. Walifika mdomo wa Ruvuma wakakuta mikoko na matope, hakuna pa kumshusha mnyama. Wakageuka, na tarehe 24 Machi wakashuka Mikindani. Hebu hesabu mzigo ule: ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India watatu na ndama mmoja, baghala wawili, punda wanne. Watu walikuwa askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani 10, vijana 9 waliosomeshwa Nasik huko India baada ya kutolewa utumwani, na wengine wachache, miongoni mwao Susi na Chuma.

Kwa nini ngamia? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa wakiumwa na inzi huyo. Livingstone aliona kwamba nyati wa porini anaishi na mbung'o bila kudhurika, akataka kujaribu kama nyati wa India na ngamia wataweza pia. Wazo halikuwa la kijinga.

Lakini ndugu, hebu uone nchi ya Makonde mwezi wa nne! Mvua za masika zinamalizia, jua likitoka mvuke unapanda kutoka ardhini kama chungu kilichofunikwa. Hakuna upepo ndani ya msitu. Mianzi imesongamana, mitambaazi imefungana juu na chini. Njia ya Mmakonde ni ya mguu mmoja, mtu anainama anapita. Ngamia hainami. Basi ikabidi kuajiri Wamakonde kwa vitambaa, watangulie na mashoka kufyeka msitu, chini na juu. Livingstone alistaajabu jinsi walivyokata. Bila mashoka yale ngamia wasingeuona hata huo mto Ruvuma.

Mbung'o wakaja. Ngamia wakaumwa mpaka damu inachuruzika. Lakini si mbung'o peke yake. Wale askari waliwapakia wanyama mizigo kupita kiasi, wakawapiga kwa magongo mpaka vidonda, wakawalaza njaa. Ngamia mmoja mmoja wakaanza kuanguka. Livingstone hakuweza kujua sawasawa ni nini kilichowaua, inzi au fimbo, kwa hiyo hata lile jaribio lake likaharibika. Siwatetei wale askari, ila nawaza: watu waliotolewa mbali na kwao, wana homa, wana njaa, kwenye joto lile, wanafuata mtu ambaye hachoki. Na huyo mtu naye alikuwa anatangulia mbele siku nyingi akiwaacha nyuma na wanyama. Mwenye mali akiwa mbali, mali huliwa.

Na kweli ililiwa. Ndama wa nyati alipopotea, askari walikuja na habari kwamba alikufa, akaliwa na chui milia. Livingstone akawauliza kama waliiona ile mistari mwilini mwa mnyama. Wote wakaapa wameiona. Basi hapo akajua wamemla wenyewe, maana chui milia ni mnyama wa India, Afrika hayupo! Mtu huyu alikutana na simba na kiboko, lakini mnyama aliyemla ndama wake alikuwa wa kutungwa.

Mwezi wa saba akawarudisha pwani. Bonde lote la Ruvuma lilikuwa na njaa kwa sababu ya biashara ya watumwa, na njiani aliona mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa, kwa kuwa alishindwa kutembea na wenzake. Tarehe 8 Agosti 1866 alifika ziwa Nyasa. Watu wa Nzwani nao wakamkimbia, wakarudi Unguja na uongo kwamba ameuawa.

Waliobaki ni wachache. Susi na Chuma walibaki. Walibaki miaka saba, mpaka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambako tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa.

Wangeweza kumzika wakaenda zao. Nani angewalaumu? Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne. Jua lile lile lililomtesa miaka thelathini ndilo lililomhifadhi. Wakamviringisha kwa kitambaa na gome la mti, wakambeba miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Tabora, ofisa Mwingereza aliwashauri wamzike pale. Wakakataa. Mwezi wa pili mwaka 1874 wakafika Bagamoyo, wakaukabidhi mwili. Wakalipwa ujira wao wakaambiwa kwaheri. Meli iliyobeba mwili ilimchukua Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo, mazishi yameshapita.

Kule London watu walikuwa na wasiwasi. Kifurushi kimetoka Afrika, kimekauka, sura haitambuliki. Je, ni Livingstone kweli? Kabla ya maziko ya tarehe 18 Aprili katika kanisa la Westminster, aliitwa daktari bingwa William Fergusson, ambaye aliujua mkono ule tangu zamani. Aliomba mkono wa kushoto ufunuliwe, akapitisha vidole chini ya bega, akakuta ule mfupa uliovunjika Mabotsa, haujaunga mpaka siku ile, unacheza kama kiungo cha bandia.